Akifika Kilo Sitini

Wesley alipanda kwenye mzani wa kando ya barabara, karibu na soko la Kakamega, akiwa amekumbatia mfuko wa viazi vitamu. Ilikuwa Jumamosi, watu wamejaa, na yeye anajifanya amesahau kuweka mzigo chini.

"Kaka, unajipima ama unapima viazi?"

Aligeuka. Msichana aliyevaa gauni la kitenge la njano, kilemba kimefungwa upande, alikuwa anacheka waziwazi. Wesley akashusha mfuko. Mshale ukarudi hadi kilo hamsini na moja, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Wacha kuona haya. Mimi ni Naliaka, niko na hoteli hapo nyuma ya soko. Kuja uone vile watu wanakulanga."

Hivyo ndivyo huyu fundi wa simu wa miaka ishirini na minne alivyopata mpenzi, ingawa alichukua muda mrefu kuelewa kwamba amempata. Wanaume wengine sijui huwa wanaangalia nini.

Kila siku saa nne asubuhi Naliaka alimpigia simu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula! Kula mayai na ile nduma nilikufungia, njugu utafune ukifanya kazi. Na zile tembe za kunonesha?"

"Nilitupa." Zilikuwa zimemvimbisha uso tu, mikono ikabaki ilivyokuwa.

Jioni Wesley alikwenda mtaa wa Amalemba kwa rafiki yake Eugene, jamaa mwenye kifua kipana aliyefundisha vijana kuinua vyuma vya saruji iliyogandishwa kwenye mikebe. "Uzito pole pole, alafu pumzika," Eugene alimwambia. "Misuli inajengekanga ukilala." Baada ya miezi miwili Wesley alifika kilo hamsini na nne. Alikuwa ameapa moyoni kwamba akifika sitini atamwambia Naliaka anataka kumuoa. Kabla ya hapo alijiona hajatosha kuwa mume wa mtu.

Naliaka hakujua habari za kiapo hicho. Jumapili moja alimwalika chakula cha mchana nyumbani kwa shangazi yake, senge Priscah, aliyemlea. Wesley, kwa woga, akamburuta Eugene waende pamoja.

Obusuma, ugali wetu, ikaja inafuka moshi, na ingokho, kuku wa kienyeji, kwenye mchuzi mzito. Naliaka akampakulia Wesley, na juu ya nyama akaweka imondo, firigisi ya kuku. Hapa kwetu hata mtoto anajua: imondo humwendea mwanamume wa nyumba. Senge akatabasamu.

Wesley aliitazama ile sahani. Akatazama mikono yake, kisha mabega ya Eugene. Hii si yangu, akawaza, sahani zimekaribiana, amekosea. Akainyanyua imondo kwa adabu zote na kuiweka kwenye sahani ya Eugene. Eugene, ambaye hajawahi kukataa nyama, akaila.

Senge akamgeukia Eugene na kumpima kwa macho. Naliaka akaenda jikoni na hakurudi. Wesley akamaliza kula akijisifu kwa kumwokoa mpenzi wake na aibu.

Siku ya pili simu ya saa nne haikulia. Alipopiga yeye, haikupokelewa. Siku ya tano Eugene akaja mbio kwenye kibanda cha simu cha Wesley.

"Boss, senge amenipigia! Anauliza watu wetu watakuja lini kuposa. Watu gani? Mimi nilikuja kula tu!"

"Kwani nyinyi mnapendana?"

"Sijui! Wewe ndio ulinipea imondo!"

Wesley alishika kichwa. Kama Naliaka alimtaka Eugene, mbona amekasirika? Kama hakumtaka, mbona senge anauliza? Chakula kikamshinda. Kwa wiki mbili alilala vibaya na kupungua kilo mbili, na kila alivyowaza ndivyo alivyozidi kupotea.

Naliaka ndiye aliyemfuata kibandani, mchana wa mvua, kitenge kimelowa, macho mekundu.

"Wesley, nimekukosea nini mpaka unipeane kwa rafiki yako mbele ya senge?"

"Kukupeana? Nilidhani umekosea sahani! Mwanaume ni Eugene. Angalia mimi."

"Nakuangalianga kila siku!" Akajifuta mvua usoni. "Nilikulisha ndio uwe na nguvu. Nani alikuambia nilikuwa nangoja mwingine atoke ndani yako?"

"Nilitaka nifike sitini kwanza, ndio niongee."

"Na ungeishia hamsini na tisa, ningekuwa wa nani?"

 Wesley alimpenda mwanamke huyu mpaka kifua kilimuuma, na alikuwa karibu kumpoteza kwa kungoja kilo sitini.

"Naliaka, nataka nikuoe. Vile niko hivi."

 Naliaka akapiga namba na kumpa simu.

"Mwambie senge mwenyewe. Mimi nimechoka kumweleza, hanielewi."

Sauti ya senge Priscah ilitoka kwa nguvu. "Sasa nyinyi mmenichanganya kabisa! Huyu naongea na yeye ni nani? Ni yule mnene ama ni yule mwembamba?"

Wesley akavuta pumzi.

"Ni yule mwembamba, senge."