Mvuke wa Mwisho

Huku ziwani kwetu, mkimaliza kuoga mvuke kwenye sauna, kibanda chenye jiko la mawe ya moto, mnawaachia wafu maji kidogo ya mvuke wa mwisho. Rafiki yangu Veijo, kwa kiburi chake, kiangazi kizima alimwaga maji yote juu ya mawe, asiwaachie hata tone. "Maiti hatoki jasho!" alicheka.

Novemba akarudi kuchukua ndoo. Ilikuwa alasiri, na kwa vile huku kaskazini jua huzama mapema majira hayo, giza limeshaingia, na jiko la sauna baridi kama barafu. Juu ya benchi akasikia mtu akijichapa kicha cha majani polepole, kama tufanyavyo tukioga mvuke: chwa, chwa.

"Raili, acha upuuzi!"

"Upuuzi gani? Niko garini, mzee, fanya haraka!" mkewe akajibu kutoka nje.

Akawasha tochi. Hapakuwa na mtu. Uvundo wa samaki aliyeoza ulijaa mle ndani. Juu ya benchi palikuwa na kicha cha majani mabichi, yamegandwa na vipande vya ngozi nyeupe, laini, vikichuruzika maji.

Akakigusa. Kilikuwa cha moto.