Rula Iliyopinda

Kila asubuhi fundi cherehani hushuka ngazi kutoka chumbani hadi kwenye duka lake la kushonea, huku akimtania mkewe kuhusu chai yake nyepesi. Asubuhi hiyo hakutania. Alikuwa amevaa miwani mpya yenye vioo vikali, na ngazi zilikuwa zinamkimbia.

Aliweka mguu, sakafu ikapanda. Akaushika ukuta. Kaka yake alianza hivyohivyo, kwa kujikwaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, na leo haoni, hutembea kwa kushikwa mkono. Fundi aliogopa kupofuka kuliko alivyoogopa kufa.

Mezani hofu ilizidi. Aliteremsha miwani hadi kwenye ncha ya pua, kama alivyozoea kuvaa ile ya zamani, akateremsha macho kwenye rula. Rula ikaonekana imepinda. Fundi huyu miaka yote ameliamini jicho lake kuliko rula, basi akakata kwa kufuata jicho. Sare ya shule ikatoka upande mmoja mrefu, mwingine mfupi.

Tangu hapo aliivaa miwani robo saa, akaivua saa nzima, akaificha kwenye kopo la vifungo. Kichwa kilimgonga. Mkewe alipouliza, alisema ni uchovu tu. Lakini mama huyo si wa kudanganywa. Siku ya tatu alilifungua kopo, akampeleka mumewe kwa mpima macho aliyempa miwani hiyo, mwanamke kijana, kisha akakaa karibu na mlango ili asitoroke.

"Niambie ukweli, binti yangu," fundi alisema. "Macho yangu yanakufa?"

Mpima macho alimpima upya, bila haraka. "Hapana, baba. Macho yako hayana ugonjwa, na vioo ni sahihi. Ila unachungulia ukingoni mwa kioo, na vioo vikali hupindisha vitu ukingoni. Isukume miwani juu, utazame katikati. Ukitaka kuona chini, inamisha kichwa, si macho."

Alimweleza kwamba ubongo nao huchukua muda kuzoea, pengine wiki moja au mbili, na kuvaa na kuvua kunauchelewesha. Aivae tangu anapoamka. Kwenye ngazi ashike ukuta, na kwa sasa asiendeshe hata baiskeli. Wiki mbili zikipita na kizunguzungu kipo, arudi. Akiona mimweko ya mwanga au jicho likiuma sana, arudi siku hiyohiyo.

Fundi alitii, ingawa woga haukumtoka. Kesho yake alishuka ngazi kwa makalio, kama mtoto. Siku ya tano alishuka kwa miguu. Siku ya tisa rula ilinyooka.

Mchana huo alikuwa mlangoni, mkewe akivuka barabara kutoka sokoni. Alimwona vizuri, uso mpaka viatu. Akaliona na gauni alilomshonea mwaka uliopita. Pindo lilikuwa limekwenda upande. Mkewe alipofika, fundi akamuuliza mbona hakumwambia kuhusu pindo hilo.

"Nilijua huoni vizuri," mkewe akasema. "Niliogopa kukuambia, na wewe uliogopa kupimwa. Mwaka mzima tumeogopa, kila mtu kivyake."

Fundi aliinamisha kichwa, akalitazama lile pindo.

"Kabadilishe nguo," alisema. "Niletee hilo gauni nilifumue."