Meli Katika Wimbo wa Seleina

Kila asubuhi kabla ya shule, Seleina alipeleka maziwa kwenye mgahawa wa Mama Kasiani, kando ya barabara kuu pale Mikumi. Malori ya Iringa huegeshwa hapo, na madereva hufungulia muziki wa kuamsha mji mzima. Siku moja alichukua kidumu kitupu akaondoka bila hata kuaga. Muziki wa malori ulikuwa umeanza kumtia hofu.

Wiki iliyopita, Mwalimu Marciana aliwafundisha darasa la sita kuzichambua nyimbo za bongo fleva kama mashairi. Walijifunza takriri, yaani neno kurudiwarudiwa mpaka likae moyoni, na tashbihi, yaani kufananisha vitu kwa neno "kama". Kisha kila mmoja alitakiwa kutunga ubeti kuhusu mama. Ubeti bora ungeimbwa kwenye mahafali, mbele ya wazazi.

Seleina alitunga wake, kisha akauchana. Ulitaja ng'ombe, na wenzake, watoto wa wakulima, walishazoea kumtania yeye, mtoto wa wafugaji, kwamba ananuka zizi. Ya nini kuwaongezea maneno? Akachukua mistari aliyoisikia kwenye lori moja, akaiandika kama yake:

Mama, nayumba, nayumba, nayumba,
bila wewe nayumba kama meli baharini.

Balaa ni kwamba ubeti huo ndio uliochaguliwa. Tangu hapo, kila lori lililopita na muziki lilimshtua.

"Seleina, huo ubeti mbona kama nimeusikia mahali?" Katarina, jirani yake wa dawati, alimuuliza asubuhi hiyo.

"Labda umeota," Seleina alijibu, akifunga daftari lake haraka.

Wakati wa mazoezi, Mwalimu Marciana alimsimamisha mbele ya darasa. Seleina aliimba mpaka mwisho.

"Vizuri. Sasa tueleze, meli huyumbaje?"

Seleina hakuwahi kuiona bahari wala meli. Alitazama mlango, akatamani kukimbia.

"Sijui, mwalimu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ubeti si wangu. Niliusikia kwenye lori. Nisamehe."

Darasa likanong'ona. Mwalimu Marciana hakugomba. "Na wako uko wapi?"

"Niliuchana. Niliogopa watanicheka."

"Tuimbie."

Seleina aliimba:

Nitafute, mama, nitafute, nitafute,
kama ng'ombe amwitavyo ndama wake jioni.

Wachache walicheka. Mwalimu akawatazama. "Nani hajawahi kumsikia ng'ombe akimwita ndama wake?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Kila jioni makundi ya ng'ombe hupita nyuma ya nyumba zao. Kicheko kikaisha.

"Mimi humsikia," Katarina alisema polepole. "Huwa namhurumia."

Siku ya mahafali, mama yake Seleina, Resiato, alikaa nyuma kabisa. Kiswahili chake ni cha sokoni tu. Lakini Seleina alipouimba ubeti wake mwenyewe na kufika kwenye ndama, Resiato alisimama peke yake kati ya watu waliokaa, akajifuta macho kwa ncha ya shuka lake.

Wimbo ulipokwisha, Seleina alimrudia mwalimu. Mwalimu Marciana alimshika bega.

"Kuchukua kazi ya mwenzako na kuiita yako ni wizi, hata kama ni mistari miwili," alisema. "Na ona ulivyoteseka kuificha. Ukisema unachokijua, huna haja ya kumwogopa atakayekuuliza."

Barabarani lori lilipita likipiga wimbo ule ule wa meli. Seleina hakushtuka.