Siku Maswali Yalipokoma

Celestine Sitati alikuwa akichagua viazi katika soko la Nakuru aliposikia jina lake. Mwanamume mwenye gambuti za matope ya Molo alikuwa akimwambia mtu kwa simu kwamba huyo Celestine Sitati wa darasa lao la mtandaoni anaandika vizuri, ila ushahidi hana.

"Boss, ushahidi umesimama hapa," Celestine alimwambia.

Mwanamume huyo, Kipyegon, nusura aangushe simu. Walikuwa wamebishana darasani miezi miwili bila kuonana sura. Siku hiyo walibishana hadi chai ikapoa, na kabla ya msimu wa mvua kuisha walikuwa wapenzi.

Jioni moja Celestine alimweleza kwamba babake alizikwa Januari. Mzee yule alimpinga kwa kila jambo, hata namna ya kuchemsha chai. Tangu mazishi, watu humsemesha polepole na kukubali chochote asemacho.

Mwisho wa mwezi mwalimu alituma mchoro uliotolewa na mtambo wa darasa, ukionyesha nani aliuliza, nani alipinga, nani aliitikia tu. Mstari wa Kipyegon kwenda kwa Celestine ulikuwa mwekundu kwa maswali hadi tarehe tisa Mei. Baada ya hapo ukawa wa kijivu: "Nakubaliana na Celestine," mara kumi na nne. Wenzao wakacheka na kuwatumia picha za mioyo.

Celestine hakucheka. Tarehe tisa ndiyo siku aliyomweleza Kipyegon habari za baba.

Kwa siku nne hakupokea simu za Kipyegon. Siku ya tano alipokea.

"Cele, nimekukosea nini?"

"Umenihurumia."

"Ulikuwa na uchungu. Ningekupinga aje?"

"Vile baba alikuwa ananipinga. Kila mtu amenizika pamoja na yeye, Kip. Nilidhani wewe hapana."

Upande wa pili wa simu lori lilikuwa likipakiwa viazi. Kidole cha Celestine kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata.

"Aya yako ya mwisho kule darasani haisimami," Kipyegon akasema taratibu. "Unataka kila mwanafunzi asomee kwa simu. Wale wa Kaptembwo wasio na stima, wachajie wapi? Niliona, nikanyamaza."

"Haisimami kivipi?"

Wakabishana. Celestine alijikuta amesimama, mkono kiunoni, vile alivyokuwa akisimama mbele ya kiti cha baba. Akafuta macho kwa mkono wa sweta.

"Na kitu kingine," Kipyegon akasema. "Nataka kuja kwenu Free Area na wazee wangu, nikupose."

"Ushahidi uko wapi?"

"Nitauandika. Na wewe, tafadhali, usikubali haraka."