Samaki wa Wanda

Barua ilikutwa chini ya mlango wa ofisi ya makondakta, stesheni ya Chicago, Ijumaa saa kumi na mbili na dakika hamsini asubuhi. Ndani yake mlikuwa na tiketi iliyotobolewa.

"Jana nilipanda 318," barua ilisema. "Wanda Prusek alitoboa tiketi yangu, akanitupia usoni na kuniita mzee mchafu. Ushahidi huu hapa. Abiria aliyedhalilishwa."

Tundu lilikuwa ukingo wa kushoto wa tiketi, umbo la samaki, kichwa kikielekea kulia. Kila kondakta wa reli ile ana koleo la kutobolea tiketi lenye umbo lake, na samaki ni wa Wanda peke yake. Kikao cha nidhamu kilipangwa saa nne. Akitiwa hatiani, angeondolewa kwenye treni aliyoihudumia miaka kumi na minne.

Inspekta Marge Sobczak wa polisi wa reli alimwita Wanda kwanza.

"Sijawahi kumtupia mtu kitu, Inspekta," Wanda alisema, macho mekundu. "Hata mume wangu, na yule anastahili."

"Koleo lako hukaa wapi?"

"Kabatini. Hatufungi, sisi ni ndugu."

Koleo liliachwa mara moja tu: jana mchana, Wanda alipokwenda kula, na kwenye chumba cha makabati walibaki wawili tu: Del Haverkamp na Charlene Voight. Del ndiye aliyefuata kwenye orodha ya ukongwe. Wanda akitoka, treni ingekuwa yake.

"Kwa hiyo unanufaika," Sobczak alimwambia Del.

"Nanufaika, sikatai. Na wivu ninao. Mimi abiria wananikoromea, yeye wanamwokea keki. Lakini barua ile haina kosa hata moja la tahajia. Muulize mke wangu kama naweza."

Sobczak hakutaka kucheka, akacheka.

Charlene aliingia na kikombe cha kahawa mkono wa kushoto. Kwenye orodha ya ukongwe alikuwa juu ya Wanda na Del, na treni yake aliichagua mwenyewe. Hakuwa na cha kugombania.

"Aliyemfanyia shoga yangu hivi ni mshenzi," alisema. "Tumeanza kazi siku moja, darasa moja. Mimi ndiye niliyemzidi alama, ndiyo maana orodha inaniweka juu yake, lakini nani anakumbuka?"

Sobczak aliliandika hilo. Mtu asiyeulizwa alama zake akizitaja, ana kidonda.

Saa mbili na nusu alikwenda stoo, akamwaga mezani mfuko wa tiketi alizokusanya Wanda wiki ile. Alizipitia mia mbili na zaidi. Zote zilikuwa na tundu ukingo wa kulia, samaki akielekea kushoto. Saa tatu aliwaita wote watatu, akampa kila mmoja tiketi tupu na koleo la Wanda.

"Toboeni."

Del alitoboa kulia. Wanda kulia. Charlene alilishika koleo, akasita, kisha akalihamishia mkono wa kulia na kubofya. Tiketi ikachanika.

"Tumia mkono wako, Charlene," Sobczak alisema taratibu.

Charlene aliweka koleo chini.

"Barua ilinitosha kujua kwamba mwandishi ni mmoja wenu," Sobczak akaendelea. "Abiria hasemi 318. Husema treni ya saa moja na dakika kumi na mbili. Namba za treni ni lugha yenu. Samaki akaniambia yaliyobaki: mkono wa kulia hutoboa ukingo wa kulia, na huyu alitoboa kushoto, kwa hiyo ni wa mkono wa kushoto."

"Shoga," Wanda alisema, "treni yangu ungeifanyia nini?"

"Siitaki treni yako." Sauti ya Charlene ilikuwa kavu. "Miaka ishirini na tatu nawafungulia watu milango, hakuna anayejua jina langu. Wewe ukiugua siku mbili, wanauliza hospitali gani. Umenizidi nini, Wanda? Nieleze, maana nimetafuta sikuona. Nilitaka siku moja tu wakuchukie. Usiwe na mtu, unikimbilie mimi."

Del alitazama viatu vyake. Sobczak alinyoosha mkono, Charlene akavua beji na kumkabidhi.

"Lakini nilikukimbilia," Wanda alisema. "Leo asubuhi nililia begani mwako. Nikamshukuru Mungu kwamba hata wote wakinikataa, wewe ninaye."