Aliyeitikia Chumba Kitupu

Fundi cherehani alikuwa akikunja pindo la sketi ya shule, alasiri jua likiwa bado kali, aliposikia binti yake akiimba chumbani. Akatabasamu. Kisha akatazama chini. Binti mwenyewe alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka, miguuni pake, udenda ukimchuruzika.

Mtoto huyo wa miaka tisa walimwita Kasuku, maana zamani mdomo wake haukujua likizo. Halafu maradhi ya akili yakamjia: akakosa usingizi siku tatu mfululizo, akawa anazungumza na watu wasiokuwepo, anakimbilia barabarani akisema anaitwa. Daktari akamwanzishia vidonge. Kukimbia kukaisha, lakini Kasuku naye kama aliisha. Alinenepa, vidole vikatetemeka hata kijiko kikamshinda, na neno moja lilimtoka kwa shida kama ndoo ya maji kisimani. Kila asubuhi mama alimpa kidonge kwa mkono wake mwenyewe, na kila asubuhi alijiona anamzika kidogo kidogo.

Ndiyo maana sauti ilipoita, "Mama," aliitika.

"Abee, mwanangu."

Akaenda kuchungulia. Chumba kilikuwa kitupu. Kilinuka kitambaa kilichoungua, na pasi ilikuwa baridi mezani.

"Niko huku," sauti ikasema, nyepesi, ya Kasuku yule wa zamani. "Hizo dawa zinanifungia nje. Yule uliye naye si mimi."

Daktari hakuwa ameambiwa habari za udenda wala kutetemeka; mama alichelea asije akaitwa mlalamishi. Safari hii pia alifunga mdomo. Kesho yake kidonge alikitia kwenye kopo la vifungo. Kesho kutwa, kingine.

Siku ya nne mtoto hakuwa amefumba jicho tangu juzi, jasho linamtoka, anajikuna mikono mpaka damu, na ile sauti ilikuwa imetoka chumbani ikaja ukumbini, ikatoka ukumbini ikaja nyuma ya cherehani, inacheka, inaimba, inauliza maswali yote ambayo Kasuku aliacha kuuliza, huku harufu ya kuungua ikizidi kukaba koo, hadi mchana kweupe mtoto akanyanyuka, akafungua mlango, akaelekea barabarani malori yanakopita, na pumzi ya moto ikamgusa mama sikioni: "Mwache aende, nije mimi."

Mama alisimama. Alimwona mtoto waziwazi, na bado alisimama, pumzi moja, pumzi mbili. Ndipo akatimua mbio, akamdaka gauni lori likipita.

Jioni ile dada wa mama, aliyepata habari, alimleta bibi mmoja mganga.

"Nani alimwitikia jini?" bibi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi."

"Na dawa za mtoto?"

"Nimeziacha. Niliona zinamuua."

"Ulimuuliza aliyezitoa?"

Mama akatikisa kichwa, machozi yakimdondoka.

"Mtoto anaumwa, na ugonjwa wake una daktari wake," bibi akanong'ona. "Jini hakuingia kwake. Ameingia kwako, kwenye kumtamani mtoto mwingine. Mkatae kwa mdomo uleule."

Mama akamkumbatia binti yake. "Wewe si wangu," akakiambia chumba. "Wangu ni huyu."

"Mama, unanifukuza?" Sauti ililia kama Kasuku mdogo mwenye homa. Pazia likajaa kana kwamba kuna upepo, likanywea. Harufu ikakatika.

Asubuhi walikwenda hospitali. "Ungeniambia mapema," daktari alisema, bila ukali, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa. Kuikatisha ghafla ndiyo hatari."

Dawa ikabadilishwa. Wiki zikapita, Kasuku akaanza kula kwa mkono wake, na maneno yakarudi, machache, lakini yake.

Siku moja mama alikuwa akimchana nywele.

"Mama."

"Abee."

"Siku ile mlangoni, na mimi nilisikia ilichokuambia ile sauti."

Chanuo likasimama.

"Nilikuwa nasubiri uniite," mtoto akasema. "Mbona ulikawia?"

"Niliogopa," mama alijibu, na hiyo haikuwa kweli yote.

Kasuku akageuka kumtazama, akingojea iliyobaki.