Hodi ya Stoo

Aliyenisimulia ni rafiki yangu Kawthar, na asije mtu akaniambia ni upepo. Mwaka 2006 alikuwa akizunguka nchi za watu na begi lake mgongoni, akafikia Dubai kwa shangazi yake, Bi Masuda, aliyetoka Unguja akalowea huko.

Magharibi ya kwanza shangazi alimtuma stoo akalete chetezo cha kufukizia udi.

"Taa imeungua. Ingia tu, usipige hodi."

"Shangazi, mimi nimelelewa. Siingii pahala bila ya hodi."

"Kawthar, nimekwambia usipige!"

Akaipiga, tena kwa sauti. Kule gizani sauti ya bibi kizee ikamjibu taratibu, "Karibu."

Wewe ungekimbia. Kawthar alisema, "Nimekaribishwa, naingia," akapapasa mpaka akakishika chetezo. Kilikuwa na joto, na mkaa ulikuwa ukialika kwa moto ndani yake. Alipokitoa nje hakikuwa na hata jivu. Shangazi akautia mlango wa stoo kufuli.

Siku kumi alizokaa pale, kila magharibi Kawthar alisimama mbele ya mlango ule akapiga hodi kusudi. Hakujibiwa tena, naye akacheka.

Kisha akaenda zake Hatta, mji wa milimani mbali na kwa shangazi, akakodi chumba peke yake. Magharibi ilikwisha pita alipofungua mlango. Ndani giza, na kwa mazoea tu akaita, "Hodi."

"Karibu, mwanangu," ikajibu sauti ile ile. "Leo umechelewa."